Besi Iliyoangukia Ukurasa wa Pili

Juzi tulimuaga Mwalimu Ezra kanisani kwetu Mowlem, hapa Nairobi. Mzee Javan, ambaye hadi leo ndiye mwenyekiti wa kamati kana kwamba alizaliwa na kile kiti, alishika maikrofoni mbele ya jeneza akasema, "Mwalimu wetu alipoona umri umesonga, aliwaachia vijana kwaya kwa hiari yake mwenyewe." Kwa hiari! Nilikuwa nimekaa kwenye safu ya wanakwaya wa zamani, katikati ya watu ambao sikuwa nimewaona tangu ujana, wengine wamenenepa, wengine wameota mvi, na niliposikia neno hilo nilimgeukia Ondiek, aliyekuwa kiongozi wa sauti ya besi enzi zetu. Ondiek alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake. Msibani watu hawabishani, ndio ustaarabu wetu, na jameni ustaarabu huo umewasitiri waongo wengi. Mimi pia nilinyamaza, nikala wali wa matanga, nikasalimiana na kila mtu, nikarudi nyumbani. Lakini hapa mezani kwangu hakuna jeneza wala maikrofoni, na nitasema ilivyokuwa.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha kompyuta na mdomo mrefu, nikiishi Umoja kwa shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita senje, na nikifanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, ya kijana mmoja aliyeitwa Kamaa. Saiba yenyewe ilikuwa zamani sebule ya mtu, kabla nyumba haijaongezwa vyumba mbele, nyuma na juu, kama nyumba nyingi za Umoja. Ukikaa kwenye mashine ya dirishani ulisikia mama jirani akisukuma chapati na kusengenya wapangaji wake, na kufikia saa sita harufu ya mafuta ilikuwa imeingia hadi kwenye kibodi. Kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua za kuomba kazi, programu za mazishi na mitihani ya shule za mtaa. Kamaa alikuwa na roho nzuri, mcheshi, angekuachia soda yake ukiwa na kiu, ila mashine zake alizilinda kama kuku wa mayai. "Trufosa," aliniambia siku ya kwanza kabisa, "hapa fanya kazi yote unataka, lakini setingi wachana nazo. Hizi mashine zilikuja hivi, wacha zikae hivi." Nilimwitikia tu. Sikujua kwamba sentensi hiyo ingenichoma moyo mwaka mzima.

Jioni za katikati ya wiki na Jumamosi mchana nilikuwa mwimbaji wa alto katika kwaya ya Mwalimu Ezra. Alikuwa mzee mstaafu wa reli, mrefu, koti la kahawia mvua au jua, na sauti ya besi ambayo akiitoa kwa upole tu ulihisi benchi likitetemeka chini yako. Hakuwa na kinanda. Alifundisha kwa solfa, kama walivyofundishwa wazee wetu wote huko magharibi mwa Kenya: do, re, mi zinaandikwa kwa herufi, na kati ya herufi unaweka nukta na vistari vya kuonyesha mapigo. Sauti nne, mistari minne, soprano juu, kisha alto, kisha tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, na besi chini kabisa. Kila sauti ilijifunza kivyake, soprano wakibaki ndani, alto kwenye kivuli cha ukuta, tena karibu na tangi la maji, na besi nyuma ya vyoo ambako hawangemsumbua mtu, halafu tunakutana ndani kuona kama tunaelewana. Siku tukielewana, mabati ya lile kanisa yalilia na watu wa njiani walisimama.

Shida ilikuwa karatasi. Mwalimu aliandika kwa mkono, na mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Nilijaribu kumchapia kama ninavyochapa barua, lakini solfa haikai hivyo. Ukiongeza herufi moja kwa soprano, mstari wote unasogea, na pigo la tatu la juu linajikuta limesimama juu ya pigo la tano la besi. Ndipo nikafungua ile programu ya majedwali ambayo watu huitumia kwa hesabu za chama, nikaweka kila pigo kwenye kisanduku chake. Haikusogea hata kidogo! Nilimwita Mwalimu aje Umoja aone. Alikaa kando yangu, miwani puani, akafuata visanduku kwa kidole bila kugusa kioo. "Ala!" akasema. "Kumbe kila noti ina chumba chake." Akasukuma miwani juu. "Kama sisi wapangaji wa Shauri Moyo. Tofauti ni kwamba hizi hazigombanii choo." Kamaa alicheka mpaka akamwaga chai.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipoanzia, na watu wakisikia ni mambo ya kompyuta wanageuza uso. Ukurasa wetu ulikuwa umepimwa barabara. Mafungu ya sauti nne nne yalijipanga kutoka juu hadi chini, na besi ya fungu la mwisho ilikaa chini kabisa, karibu na ukingo. Kwenye kioo kila kitu sawa. Lakini nilipogeuza kuwa PDF ili tuchape, mstari ule wa mwisho uliruka ukaenda ukurasa wa pili. Besi peke yake, bila jina la wimbo wala maneno, imekaa juu ya karatasi tupu kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Nilitafuta sababu nikaipata. Ile programu ilidhani karatasi yetu ni ya Kimarekani, ile wanayoiita Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi, fupi kwa karibu unene wa kidole gumba. Ebu niambieni, nani katika Umoja yote, au Mowlem, au Dandora, amewahi kushika karatasi ya Letter? Nenda duka lolote la vitabu uombe karatasi, utapewa A4. Shule ni A4, kanisa ni A4, hata ile ya kufungia njugu ni A4 iliyokatwa. Na kibaya zaidi, tulipochapa ile PDF juu ya A4 yetu, chini ya ukurasa palibaki nafasi nyeupe ya kutosha besi kulala na kujigeuza, na besi mwenyewe yuko ukurasa wa pili!

Nilibadilisha kuwa A4. Ikakubali, besi ikarudi nyumbani. Kesho yake nikafungua faili mpya kwa wimbo mwingine, na hiyo hapo tena, Letter. Nikabadilisha. Wiki iliyofuata, faili mpya, Letter. Faili uliyokwisha kuirekebisha ilikumbuka, lakini kila mpya ilizaliwa na kosa lile lile, na ukisahau mara moja tu, umeumia. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mitaa yetu ya Eastlands alikaa mahali akaamua kwamba karatasi ya kawaida ni yake, na sisi wenye karatasi yetu ndio tunaotakiwa kuomba ruhusa kila asubuhi. Nikimweleza senje, alikuwa akiniwekea ugali na kusema, "Wewe Trufosa, utakuja kufa kwa sababu ya karatasi." Nilikula kwa hasira hivyo hivyo.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa anatunga wimbo wa tamasha la makwaya la mwezi wa nane, na Jumamosi asubuhi nilikuwa nateremka Shauri Moyo kuchukua kurasa alizomaliza. Chumba chao kilikuwa cha nyumba za zamani za kaunsili, kimoja, pazia limekigawa kati. Upande huu meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, viti viwili, na jiko la mafuta chini ya dirisha, upande ule kitanda ambacho sikuwahi kukiona. Mama Dorka, mkewe, alinipa uji wa wimbi au mrenda na ugali wa jana uliopashwa moto, kutegemea nimefika saa ngapi. Kutoka soko la Gikomba zilikuja sauti za nyundo za mafundi wa masanduku ya chuma, siku nzima bila kupumzika, na Mwalimu aligombana nazo. "Wasikie hao! Mpigo wanaupata vizuri kabisa, halafu mmoja anauharibu makusudi!" Mama Dorka alimjibu bila kugeuka, "Nenda ukawafundishe." Nilipenda kukaa pale. Nilipenda walivyozozana bila chuki, na namna Mwalimu alivyokuwa akisahau kijiko hewani noti ikimjia.

Wimbo wenyewe ulihusu kuvuka Yordani. Mwisho wake ulikuwa hivi: soprano, alto na tena wanashika Amina moja ndefu, wametulia, na chini yao besi inashuka hatua kwa hatua mpaka inafika do ya chini. Mwalimu aliniimbia mle chumbani, mkono mmoja juu kutushikilia sisi, mkono mwingine ukishuka. "Nyote mmesimama mtoni," akasema. "Besi peke yake ndiye anayetembea. Asipotembea, hamvuki." Niliuliza kwa nini asiwape soprano ile kazi, watu wanawapenda. Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Soprano wamepewa kila kitu na kila mtu," akasema. "Waache wangoje kidogo."

Nitaje pia niliyoyasikia jikoni mwa kanisa, ingawa hakuna aliyetaka niyasikie. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mimi naosha vikombe, wazee wa kamati wanakunywa chai upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mzee Javan alikuwa anasema, "Kila kanisa huko Umoja lina kinanda na kijana wa kukipiga. Sisi bado tunaimbishwa herufi na mzee wa reli. Vijana wanatuhama." Mwingine akasema Mwalimu amewatumikia sana, si vizuri kumtoa hivi hivi. "Nani amesema hivi hivi?" Javan akajibu. "Tamasha litatuamulia. Akifanya vizuri na wimbo wake, anabaki, na mimi mwenyewe nitakaa kimya. Akituaibisha, tunampumzisha." Nilikausha mikono nikaenda moja kwa moja kumwambia Mwalimu. Hakushtuka. "Ameniambia mwenyewe uso kwa uso," akasema. "Hilo namheshimu. Nimemwambia sawa, tupimwe." Tangu siku hiyo nilijua tunaimbia nini. Mwalimu hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani isipokuwa kusimama mbele ya ile kwaya Jumapili na kuinua mkono.

Ndipo nikaamua kwamba mambo ya kubahatisha karatasi yaishe. Siku za wateja wachache nilichimba ndani ya ile programu mpaka nikajua siri yake, na siri yenyewe ni rahisi ajabu, na ndiyo maana inaudhi. Unafungua faili tupu. Unaweka ukurasa A4, unaweka nafasi za pembeni unavyotaka. Halafu huihifadhi kama faili ya kawaida, unaihifadhi kama kiolezo, na unaiambia programu: kuanzia leo, kila faili mpya izaliwe kutokana na hii. Basi! Nilifunga, nikafungua, nikaanza faili mpya, nikaangalia ukurasa. A4. Nikazima mashine kabisa, nikaiwasha. A4. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati akachungulia. Kile kiolezo nilikipa jina la A4 DAIMA, kwa herufi kubwa, maana nilikuwa na furaha na sikuona sababu ya kujificha. Kamaa alikuwa ameenda mjini kununua wino.

Wiki ya mwisho kabla ya tamasha kwaya ilifanya mazoezi kila mchana, nikaomba ruhusa kazini. Majaji walitaka kila kwaya ipeleke noti za wimbo mapema kwa barua pepe, zikiwa PDF, na juu ya ukurasa jina la kanisa. Kazi hiyo ilikuwa ya katibu wa kamati, Dada Rispah, mama mchapakazi ambaye sikuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya. Nilimpa faili ya wimbo, nimeihakikisha mwenyewe, nikamwambia aende saiba kwetu, mashine ya dirishani, hata akianza faili mpya hakuna shida, nimeshaitengeneza. Nilimwambia kwa majivuno. Nikaenda mazoezini nikaimba kwa raha zangu.

Siku ya tamasha tuliimba. Sitaki mtu aniambie hatukuimba. Nimeimba na kwaya tatu tangu wakati huo na sijawahi kusikia tena kitu kama ile Amina, sisi tumesimama juu, na Ondiek na wenzake wanashuka chini yetu polepole, mpaka ile do ya chini ikafika na ukumbi wote ukapiga makofi. Mama mmoja safu ya mbele alilia. Mwalimu alishusha mkono, akatugeukia na kutukonyeza, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Kisha tukakaa kusubiri maoni ya majaji. Jaji mkuu, bwana aliyevaa tai nyembamba, aliinua karatasi yetu hewani. "Mmeimba vizuri," akasema, "lakini mlichoimba sicho kilichoandikwa. Hapa mwisho, mahali penye uzito kuliko pote, naona sauti tatu. Besi haipo. Wale kaka zetu wa besi walikuwa wanajitungia papo hapo, na nawapongeza, maana wamemwokoa mtunzi. Lakini mtunzi asiyejua kuandika sauti ya nne arudi akajifunze." Watu wakacheka. Ukumbi mzima ulicheka! Mwalimu alisimama, akatoa kwenye koti nakala yake ya mkono, akaiinua. Jaji akasema wao huhukumu kilichowasilishwa. Mzee Javan akamvuta Mwalimu kwa koti, nilimwona kwa macho yangu, akamwambia, "Kaa chini, Mwalimu. Usituongezee." Mwalimu akakaa. Tuliwekwa karibu na mkia.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Dada Rispah. Alinikaribisha chai, akaniambia bila kuficha kitu. Alitaka jina la kanisa liwe na mchoro wa msalaba juu, basi akaanzisha faili mpya, akanakili wimbo akaubandika mle, akageuza PDF. "Zilitoka kurasa mbili," akasema. "Lakini ule wa pili ulikuwa mtupu, Trufosa. Una kamstari kamoja tu huko juu, viherufi-viherufi, hauna jina wala maneno. Nikasema hii ni mashine imekosea. Nikauondoa, tusionekane wachafu mbele ya majaji." Halafu akaona uso wangu, akaweka kikombe chini. "Kwani kalikuwa ni nini?" Nikamwambia ndiyo ilikuwa besi. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Huyo sikumlaumu na simlaumu leo. Yeye si mwimbaji, aliona takataka akafagia, kama ambavyo angefagia madhabahu.

Lakini faili mpya ilipataje kuwa Letter? Nilipanda Umoja karibu kukimbia. Kamaa alikuwa anafungua mlango. "Niaje Trufe, mlishinda?" Sikumjibu, niliwasha mashine ya dirishani, nikaanza faili mpya, nikaangalia ukurasa. Letter. A4 DAIMA haikuwepo.

"Kamaa, nani ameguza hii mashine?"

"Ah, hiyo." Alikuwa mtulivu kabisa. "Kuna kitu iliingia hapo. Kila nikifungua naona jina fulani sijui, A4 Daima, kwa kapitali. Nikajua hiyo ni virusi. Si unajua virusi huwa na majina kama hayo? Nikafuta, nikarudisha mashine vile ilikuja."

"Ilikuwa yangu! Niliiweka mimi!"

"Sasa si ungeniambia?"

"Ungekubali?"

Alifikiri kwa uaminifu, sifa hiyo nampa. "Zi," akasema. "Singekubali."

Nilimtukana siku hiyo maneno ambayo mama wa chapati aliyarudia mtaani kwa mwezi mzima. Nikachapa ule wimbo mara mbili, mmoja kwa Letter na mwingine kwa A4, nikateremka Mowlem, ambako kamati ilikuwa inakutana baada ya ibada ya wiki. Mwalimu hakuwepo. Niliingia bila kuitwa, nikaweka karatasi moja juu ya nyingine mbele ya wazee, nikawaonyesha mahali ukurasa wa Letter unapoishia, mahali besi ilipoangukia, na nafasi tupu iliyobaki chini. Nikawaeleza habari ya kiolezo, ya faili mpya, ya kufutwa. Dada Rispah alisimama akasema mbele ya wote, "Ni mimi niliuondoa ule ukurasa. Mwalimu hana kosa." Wazee waliinama wakaangalia. Mzee Javan alichukua zile karatasi mbili, akazishikilia dirishani zikapitisha mwanga, akaziangalia kwa muda mrefu. "Tumekuelewa, binti yangu," akasema. "Kweli kabisa. Kosa halikuwa la Mwalimu. Mwalimu aliandika sauti nne." Nikasema, basi Jumamosi arudi mazoezini.

"Aa," akasema Mzee Javan. "Hayo ni mengine."

"Mengine gani, Mzee? Ulisema tamasha litaamua. Ulisema akifanya vizuri anabaki."

"Na tamasha limeamua. Watu wameshacheka, binti. Kicheko huwezi kukirudisha. Na kijana wa kinanda tumeshamwambia aje."

"Mmemwambia lini?"

Mmoja wao alianza kukusanya vikombe, mzee mzima ambaye sijawahi kumwona akigusa kikombe kitupu maisha yake yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule kijana alikuwa ameitwa kabla hatujapanda jukwaani, na kwamba ningewaletea karatasi zote za dunia wangezishika dirishani, wakakubali, na wakaninyima. Nikapaza sauti, "Mgala muue na haki yake umpe! Simameni Jumapili mseme mbele ya kanisa kwamba mtu huyu anajua kuandika besi. Hilo tu." Mzee Javan akatabasamu kwa upole. Upole ule ndio siusamehe. "Tutaangalia lini inafaa," akasema. Haikufaa Jumapili hiyo, wala nyingine yoyote, na juzi mbele ya jeneza, alipokuwa na nafasi ya mwisho kabisa, alitumia pumzi yake kusema "kwa hiari".

Nilirudi saiba, nikakaa mashine ya dirishani, nikaweka A4 upya. Kisha nikahamia mashine inayofuata, na inayofuata. Kamaa alisimama nyuma yangu mikono mfukoni. Nilisema bila kugeuka, "Ukitaka unifute kazi, nifute nikimaliza." "Huyo mzee wa vyumba," akasema, "wamemtoa?" Nikasema wamemtoa. Akavuta kiti akakaa. "Nionyeshe vile unaiweka," akasema. Nilimwonyesha, na tangu siku hiyo hakuna faili iliyozaliwa Letter pale hadi saiba ilipofungwa. Watu wangapi walichapa majedwali yao pale bila kujua kwamba wameponea, sijui. Hilo halikunituliza hata kidogo.

Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuja kanisani mapema kama kawaida yake, koti lile lile, amemshika Mama Dorka mkono. Hakuja mbele. Alikaa nyuma karibu na mlango, kati ya akina mama wenye watoto wachanga. Kijana wa kinanda alikuwa ameshaweka spika zake, na sisi kwaya tulikaa pale mbele kama watu waliokamatwa. Wimbo wa kwanza ulipotajwa kanisa zima lilisimama. Mwalimu naye alisimama, akafungua kitabu cha nyimbo, akakishika wima mbele ya uso, ukurasa wenyewe kabisa. Nilikuwa namwangalia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi mwisho, macho yakifuata maneno, na mdomo haukufunguka. Watu wa safu ya mbele yake, waliozoea kuhisi ile sauti mgongoni, waligeuka mmoja mmoja kutazama nini kimekosekana. Wimbo wa pili hivyo hivyo, na wa sadaka, na wa kufunga.

Nilimkuta nje, anamsubiri Mama Dorka amalize kusalimia. Machozi yalikuwa yameshanitoka, sikuyajali. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona huimbi?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yule mzee mpole alikuwa na hasira kubwa kuliko yangu.

"Si walisema besi haipo?" akasema. "Haipo."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakukosa ibada isipokuwa kwa ugonjwa, na hakuna mtu katika kanisa lile aliyemsikia akiimba tena.